Habari za Edward Saidi Tingatinga, Fundi wa Picha wa Msasani

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kukumbuka watu waliotutangulia. Sasa twapenda kuwaletea habari za mtu mmoja ambaye hakuwa padre wala mwalimu, wala hakuacha shamba wala nyumba ya mawe. Aliacha kazi ya mikono yake, na jina ambalo leo lajulikana katika nchi nyingi za dunia. Twaziandika habari zake hasa kwa ajili ya walimu, na kwa ajili ya akina mama wetu wa Kinondoni na Temeke wadarizio vitambaa, wasukao mikeka ya ukili na kufuma vikapu. Wengi wao wana kazi njema iliyofungwa ndani ya sanduku, kwa kuwa huona haya kuitoa mbele ya watu.

KUZALIWA KWAKE

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, upande wa Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu, si mbali sana na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wasio na mali. Shule aliipata kidogo tu, kama watoto wengi wa wakati ule, na hakuna mtu aliyemfundisha kuchora.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jina lake. Mtoto wa leo asikiapo tingatinga hufikiri ile mashine kubwa isukumayo udongo barabarani. Mgeni wa ng'ambo asikiapo neno hilo hufikiri picha ya chui au ya tembo yenye rangi kali. Basi na watoto wetu wajue ya kuwa, kabla halijawa jina la picha, lilikuwa jina la mtu, tena mtu maskini aliyekuja mjini kutafuta kazi.

SAFARI YA KUTAFUTA RIZIKI

Zamani zile vijana wengi wa kusini walikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Watu waliwaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Katikati ya miaka ya 1950 Edward naye alishika njia hiyo, akaenda Tanga kwenye mkonge. Kazi ile ilikuwa ngumu na ujira wake mdogo. Hata mwisho wa miaka ile akaiacha, akaja Dar es Salaam, akakaa kwa jamaa zake upande wa Msasani.

Msasani ya siku zile ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima, na karibu yake, Oyster Bay, zilikuwa nyumba za Wazungu wenye vyeo, zenye bustani kubwa. Kijana wa kijijini aliyetaka mshahara alivuka njia, akaenda kuomba kazi huko. Edward alifanya hivyo, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani kwa bwana mmoja Mwingereza. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, na miaka iliyofuata wengi wa mabwana wale walirudi kwao. Watumishi wao waliachwa kutafuta namna nyingine ya kuishi. Edward naye akaingia katika kazi za kubahatisha, leo hii, kesho ile, kama ijulikanavyo kwa kila mtu aliyekaa mjini bila mshahara.

ALIVYOANZA KUCHORA

Katika miaka hiyo zilikuwapo mjini picha za mafundi wa Kongo, zikiuzwa kwa wageni. Edward alizitazama, akaona ya kuwa watu wazinunua, naye akajiambia moyoni kwamba kazi kama hiyo hata yeye aweza kuijaribu. Basi mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, akaanza. Wasomaji na waupime umri huo. Si umri wa kijana wa shule. Ni umri ambao wengi wetu husema kwamba wakati wa kujifunza umekwisha kupita.

Hakuwa na fedha za kununua kitambaa cha wachoraji wala rangi zao za bei kubwa. Akatwaa ubao mwembamba wa kiwandani, ule mafundi wautumiao kufunikia dari, akaukata vipande vya mraba. Rangi akatumia ile ya kupakia baiskeli, iuzwayo dukani katika mikebe midogo. Rangi hiyo hung'aa sana, wala haififii upesi, lakini ina tabu zake: hukawia kukauka, na fundi asipokuwa na subira huichafua kazi yake mwenyewe. Kwanza aliupaka ubao wote rangi moja, akangoja ukauke. Kisha juu yake akamchora mnyama mmoja, au ndege, au mti, mkubwa hata akaujaza ubao. Akamaliza kwa madoa na mistari, polepole, kama vile mshonaji amalizapo ukingo wa kitambaa.

Wanyama wake hawakufanana kabisa na wanyama wa porini. Chui wake ana macho ya kibinadamu, na madoa yake yamepangwa kama nakshi ya kofia ya vito. Mtu aliyesoma katika vyuo vya sanaa angaliweza kumsahihisha. Lakini hakuwapo wa kumsahihisha, na huenda ndiyo sababu kazi yake haikufanana na ya mtu mwingine yeyote.

CHINI YA MBUYU

Alipokuwa na picha chache tayari alizipeleka karibu na maduka yaitwayo Morogoro Stores, huko Oyster Bay. Palikuwa na mbuyu mahali pale, na wageni wengi walifika dukani kununua mahitaji yao. Chini ya mbuyu ule picha zikapangwa, zikitazama njia. Mkewe Agatha, waliyeoana naye mwaka 1970, alimsaidia katika kuuza. Mungu akawajalia watoto wawili.

Twaomba wasomaji wafikiri kidogo juu ya jambo hili. Kuchora nyumbani hakumwaibishi mtu, kwa kuwa hakuna aonaye. Kuipanga kazi yako njiani, mbele ya watu wapitao, huku mwingine akicheka na mwingine akiuliza bei kisha akaondoka, hilo lataka moyo. Kila apitaye ni hakimu. Edward aliyavumilia mashauri hayo kila siku, na baada ya muda wanunuzi wakawa wengi, hata mkono mmoja haukutosha.

Hapo akafanya jambo ambalo sisi twaliona kuwa kubwa kuliko picha zenyewe: akawaita jamaa zake vijana, akawafundisha. Majina yao yajulikana: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, na Ajaba Abdallah. Walianza kwa kupaka rangi ya chini na kujaza madoa, kama mwanafunzi wa cherehani aanzavyo kwa kushona pindo. Kisha wakachora picha zao wenyewe. Majina ya vijana hao ni ya Kikristo na ya Kiislamu, kama vile jina la mwalimu wao lilivyobeba Edward na Saidi pamoja. Chini ya mbuyu ule hakuna aliyeulizwa habari hiyo. Aliulizwa kama mkono wake watulia.

KAZI YAKE KATIKA MAONYESHO

Mtu wa Kinondoni akiuvuka mji kwenda upande wa Temeke, huviona kando ya barabara ya Kilwa viwanja vya Saba Saba. Jina hilo latokana na tarehe 7 Julai, siku kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Tangu miaka ya kwanza ya uhuru siku hiyo imekuwa na maonyesho, ambayo baadaye yalikua yakawa ya kimataifa. Wenye viwanda huleta mashine, wakulima huleta mazao, na mafundi wa mikono huleta vinyago, mikeka, vyungu na vitambaa vya kudarizi. Siku hizi mabanda bora hupewa tuzo, na waonyeshaji hushindana kwa bidii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya taifa ya sanaa ilizitambua picha za fundi wa Msasani, ikaanza kuzinunua na kuziuza. Katika maonyesho ya Saba Saba picha hizo zikawekwa mbele ya watu, karibu na kazi za mafundi wengine wa nchi, na watu wakazinunua. Hivyo kazi iliyoanzia kwenye kivuli cha mbuyu ikasimama katika banda la taifa. Ubao wa dari na rangi ya baiskeli havikuizuia. Aliyekuja kutazama hakuuliza fundi amesoma wapi. Aliitazama kazi yenyewe.

Hiyo ndiyo faida ya maonyesho, nasi twapenda walimu waieleze vema. Nyumbani kazi yako husifiwa na wakupendao, na sifa za wapenzi ni tamu lakini hazifundishi. Jirani hawezi kukuambia kwamba ushonaji wako umelegea upande mmoja, kwa kuwa amekula chakula chako. Katika maonyesho kitambaa chako chawekwa karibu na cha mwenzako usiyemjua, na macho ya wageni hupita juu ya vyote viwili. Hapo ndipo fundi aonapo alipo. Akishinda, amejua nguvu yake. Asiposhinda, amejua la kurekebisha, naye arudi nyumbani na elimu ambayo hakuilipia ada.

Ingawa picha zilinunuliwa, Edward hakuacha kutafuta mshahara wa kila mwezi. Alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, akawa mhudumu wa wagonjwa, na saa zake za mapumziko akachora. Wasomaji wasimwone kuwa mtu wa imani haba. Alikuwa na mke na watoto, na fedha ya picha huja leo, kesho isije.

KUFA KWAKE

Mwaka 1972, usiku, akiwa safarini kwa gari mjini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwafuatia wahalifu walilidhania gari lile kuwa la watu hao, wakalipiga risasi. Edward akafa. Hakuwa mhalifu, wala hakuwa na kosa. Umri wake ulikuwa miaka 40, na kazi yake ya kuchora ilikuwa imedumu miaka minne tu.

Hatuna maneno mengi hapa. Mke alibaki na watoto wadogo, na vijana wale walibaki na mikebe ya rangi bila mwalimu. Wengi wangalitazamia kazi ile ife pamoja na mwenyewe, kama zifavyo kazi nyingi.

YALIYOFUATA

Lakini wanafunzi wake walirudi chini ya mbuyu. Wakachora, wakafundisha wengine, na hao nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao, na makao yao yakawa pale pale Oyster Bay. Picha za namna hiyo zimefika Ulaya, Marekani na Japani, nazo zote huitwa Tingatinga, hata zile zilizochorwa na watu waliozaliwa baada ya kufa kwake.

Heshima hiyo ina uchungu wake pia, nasi hatupendi kuuficha. Yeye mwenyewe alitia jina lake mbele ya picha, E. S. Tingatinga, ili mnunuzi ajue mkono ulioifanya. Alipokwisha kufa, na bei ya picha zake kupanda, wakatokea watu waliochora picha na kuzitia jina lake kwa uongo. Tena wachuuzi walinunua kazi za mafundi kwa bei ndogo na kuziuza mbali kwa bei kubwa, na jasho la fundi likawanufaisha wengine. Basi yatupasa kuwafundisha watoto wetu mambo mawili pamoja: kutia jina lao katika kazi yao bila haya, na kutotia kamwe jina la mwingine.

NENO LA MWISHO

Walimu, katika madarasa yenu yuko mtoto asiyeweza hesabu, lakini kando ya daftari lake amechora ndege aliye hai. Msilichane daftari hilo kwa hasira. Mwonyesheni kwanza mahali pa hesabu, kisha mwonyesheni mahali pa ndege.

Nanyi mama zetu, yafungueni masanduku. Kile kitambaa cha meza mlichokidarizi miaka mitatu, kikapu kile mlichofuma kwa ukili mliopaka rangi wenyewe, vileteni siku ya sikukuu ya parokia, vitandazeni juani, hata macho ya wageni yavipime. Huenda mtu atacheka. Na mtu mwingine atasimama, atainama, atauliza ni nani aliyekifanya. Hapo msimsukumie mwenzenu mbele. Semeni jina lenu.

Fundi wa Msasani alianza akiwa na miaka 36, kwa ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akapewa miaka minne tu. Sisi tulio hai bado, hatujui tumepewa mingapi. Tusikawie.