Claude Hopkins: Aliyeingia kiwandani kabla ya kuandika tangazo

MFANYABIASHARA wa Iyunga, jijini Mbeya, anayeuza mchele wa Kyela kwa mteja wa Dar es Salaam kupitia mtandao, ana maneno machache tu ya kumshawishi mtu ambaye hajauona wala kuunusa mchele huo. Mara nyingi huandika kwamba ni bora na bei ni nafuu. Jirani yake naye huandika hivyo hivyo.

Tatizo hilo lilimkabili Mmarekani Claude Hopkins zaidi ya miaka 100 iliyopita, enzi ambazo mteja wa mbali alifikiwa kwa barua na gazeti.

Hopkins alizaliwa mwaka 1866 na kukulia katika jimbo la Michigan. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa na miaka 10. Mama yake, mcha Mungu mwenye asili ya Uskoti, alitaka mwanawe awe mhubiri. Kijana alihubiri kwa muda, kisha akaiacha njia hiyo na kuwa mtunza hesabu.

Katika kampuni ya Bissell, iliyotengeneza mashine za kufagia mazulia, aligundua kuwa wateja hawakujali ufundi wa mashine. Akaanza kuwaandikia wenye maduka kuhusu zawadi ya Krismasi na uzuri wa mbao zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, barua 5,000 zilileta oda 1,000.

Hata hivyo, kazi inayokumbukwa zaidi ni ya bia ya Schlitz, mjini Milwaukee. Viwanda vyote vya wakati huo vilitangaza kuwa bia yao ni safi, hata neno hilo likawa halimgusi tena mnywaji. Hopkins aliomba kuingia kiwandani. (Wakazi wa Iyunga, ambako pia kuna kiwanda cha bia, wanajua jinsi mtu anavyoweza kupita nje kila siku asijue ya ndani.)

Humo aliona bia ikipozwa katika vyumba vya vioo vyenye hewa iliyochujwa, chupa zikioshwa mara nne, na maji yakivutwa kutoka visima vyenye kina cha futi 4,000 ingawa Ziwa Michigan lilikuwa jirani. Wenyeji wake walimweleza kuwa viwanda vingine navyo hufanya hivyo hivyo. Kwake hilo halikuwa kikwazo, kwani hakuna aliyekuwa amewasimulia wanywaji. Aliyasimulia, na Schlitz iliyokuwa ya tano kwa mauzo ikapanda ndani ya miezi michache hadi kukaribiana na ya kwanza.

Kalamu hiyo hiyo ilitumika pia vibaya. Hopkins alikuwa mbia katika biashara ya Liquozone, dawa iliyotangazwa kuwa inaua vijidudu vya maradhi mengi. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams, katika jarida la Collier's, alifichua kuwa karibu yote ilikuwa maji yenye asidi kidogo. Wagonjwa walikuwa wameinunua kwa kuamini walichosoma. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti vyakula na dawa.

Pamoja na doa hilo, Albert Lasker wa wakala wa matangazo wa Lord & Thomas alimwajiri kwa malipo makubwa mno kwa wakati huo. Huko aliiuza dawa ya meno ya Pepsodent kwa kuwaambia wasomaji wapitishe ulimi juu ya meno wausikie utando, ingawa mswaki wenyewe huweza kuuondoa.

Katika matangazo yake aliweka kuponi yenye alama ya siri, ambayo msomaji aliikata na kuituma ili apate sampuli. Kuponi zilizorudi zilihesabiwa, na kichwa cha tangazo kilicholeta chache kiliachwa, hata kama wakubwa walikipenda. Muuzaji wa mchele leo anaweza kutuma matangazo mawili tofauti na kuhesabu oda za kila moja bila gharama ya stempu.

Hopkins alieleza mbinu hizo katika kitabu chake cha Scientific Advertising cha mwaka 1923. Alifariki dunia mwaka 1932.