Braun: Msomi aliyeyaelekeza mawimbi ya redio

MKAZI wa Khayega, kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega, anayepata intaneti kutoka mlingoti ulio mbali, huenda ananufaika na kanuni iliyojaribiwa na msomi aliyeaga dunia mwaka wa 1918.

Msomi huyo ni Karl Ferdinand Braun, aliyezaliwa Fulda, Ujerumani, Juni 6, 1850. Mnamo 1897, akiwa profesa wa fizikia mjini Strasbourg, alibuni neli ya kioo ambayo baadaye ilizaa skrini za televisheni. Kisha akageukia mawasiliano yasiyotumia waya.

Enzi hizo mitambo ilitawanya mawimbi pande zote, mithili ya taa iliyowashwa katikati ya uwanja. Mnamo 1905, Braun alisimamisha antena tatu katika umbo la pembetatu, akachelewesha kidogo mkondo wa umeme wa mojawapo. Mawimbi yakaongezeana nguvu upande mmoja na kufifishana upande wa pili. Kwa kubadilisha ucheleweshaji huo tu, aliweza kugeuza mwelekeo bila kusogeza mlingoti wowote.

Antena za kisasa za masafa marefu hufuata kanuni iyo hiyo. Huwa na vipande vingi, nayo kompyuta hukokotoa upya ucheleweshaji wa kila kimoja ili mawimbi yamfuate mtumiaji na kukwepa mwingiliano.

Mnamo 1909, Braun alituzwa Nobel ya Fizikia pamoja na Mwitaliano Guglielmo Marconi. Hata hivyo, redio haikukawia kuwa silaha. Juni 1915, wanajeshi wa Uingereza waliabiri meli Kisumu, wakavuka Ziwa Victoria na kuangamiza kituo cha redio cha Wajerumani huko Bukoba.

Wakati huo Braun alikuwa Marekani, alikokwenda mwishoni mwa 1914 kutoa ushahidi katika kesi ambapo kampuni ya Marconi ilidai kuwa kituo cha Wajerumani cha Sayville, New York, kilikiuka hataza zake. Vita vikamfungia njia ya kurejea nyumbani. Marekani ilipoingia vitani mnamo Aprili 1917, mzee huyo aligeuka raia wa nchi adui, ingawa aliruhusiwa kuendelea kuishi Brooklyn.

Aliaga dunia Aprili 20, 1918, akiwa na umri wa miaka 67. Vita viliisha Novemba mwaka huo, naye hakuwahi kuiona tena Strasbourg.