Bodelschwingh: Mchungaji aliyezika watoto wanne ndani ya wiki mbili, na safari ya kufika Lutindi

Dodoma kuna Mirembe, kila mtu anaijua. Lakini wengi hawajui kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, kwenye Milima ya Usambara upande wa Korogwe, imeitangulia Mirembe kwa zaidi ya miaka 20.

Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1904. Na ukifuatilia mizizi yake, unafika kwa mzee mmoja wa Kijerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Usambara hata siku moja. Jina lake Friedrich von Bodelschwingh.

Mtoto wa waziri

Alizaliwa Machi 6, 1831, karibu na mji wa Tecklenburg, Westphalia. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya Prussia, kwa hiyo Friedrich alikulia kwa wakubwa. Utotoni alicheza na mwana wa ukoo wa kifalme ambaye baadaye alikuja kuwa Kaizari Friedrich III.

Kwa kuanzia alisomea kilimo, akasimamia shamba kubwa huko Pomerania. Huko ndiko alikoona maisha ya vibarua kwa karibu. Kijitabu cha wamisionari kilichomfikia mkononi kikambadilisha mawazo, akaacha shamba na kwenda kusomea uchungaji.

Mwaka 1858 akapelekwa Paris. Usidhani alikwenda kula maisha. Waumini wake walikuwa Wajerumani maskini waliokuwa wakifagia barabara na kuokota matambara ya kuuza. Mwaka 1861 alimuoa Ida, binamu yake. Mwaka 1864 wakarudi Ujerumani kwa ajili ya afya ya mke, wakahamia kijiji cha Dellwig.

Januari 1869

Hapo Dellwig ndipo lilipowakuta pigo. Mwanzoni mwa mwaka 1869 maradhi yaliingia nyumbani, na ndani ya wiki mbili watoto wao wote wanne wakafariki. Wote wanne.

Mtu anaweza kuvunjika moja kwa moja kwa jambo kama hilo. Friedrich na Ida waliendelea kuishi, wakapata watoto wengine wanne, lakini msiba ule haukumtoka. Kuanzia hapo, mtu aliyekuja kwake na maumivu hakukutana na mchungaji wa kutoa mawaidha tu. Alikutana na baba aliyefiwa.

Nyumba ya wanaoanguka

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza kituo kidogo cha wagonjwa wa kifafa kilichoanza miaka mitano nyuma. Kituo hicho ndicho kikaja kujulikana kama Bethel.

Enzi hizo kifafa kilikuwa aibu, huko Ulaya kama ilivyokuwa huku kwetu. Wapo waliosema ni mapepo. Mtoto akianguka shuleni anafukuzwa, mtu mzima akianguka kazini anaachishwa. Wenye wasiwasi mkali, huzuni isiyoisha au hofu ya ghafla ya moyo kwenda mbio na pumzi kukata, nao waliishi kwa kujificha. Dawa zilikuwa chache. Kwa kifafa ilikuwepo bromidi, iliyowapunguzia baadhi yao kuanguka lakini iliwaacha wamelegea.

Paris, mji aliouacha Bodelschwingh, ulikuja na njia nyingine. Daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière alianza kutumia hipnosi mwaka 1878, yaani kumwongoza mgonjwa mpaka akili yake izame kwenye jambo moja. Jambo hilo lilivuma dunia nzima, na Charcot aliwaonyesha wagonjwa wake mbele ya ukumbi uliojaa watu. Hipnosi haijafa. Hadi leo wapo wataalamu wanaoitumia kumsaidia mtu mwenye wasiwasi na hofu za ghafla, pamoja na tiba ya mazungumzo.

Bodelschwingh hakuwa daktari, na njia yake haikuwa ya ukumbini. Aliona kwamba mgonjwa anaumizwa mara mbili: na ugonjwa wenyewe, halafu na kutengwa. Hilo la pili lilikuwa ndani ya uwezo wake. Akajenga nyumba nyingi ndogondogo, kila moja na familia yake ya kuilea. Kukawa na mashamba, karakana na bustani. Anayeweza kushona alishona, anayeweza kulima alilima. Mwaka 1877 akaanzisha Nazareth, nyumba ya kuwaandaa mashemasi wa kiume wa kuwahudumia wagonjwa. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Hakuishia hapo. Mwaka 1882 alifungua makazi ya kazi kwa watu waliokuwa wakizurura bila ajira, na mwaka 1885 akaanzisha chama cha kuweka akiba ili wafanyakazi wajenge nyumba zao.

Usambara inaingia

Mwaka 1890 alijiunga na uongozi wa chama cha misheni cha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tuseme ukweli: chama hicho kilianzishwa Berlin mwaka 1886 na watu walioshabikia makoloni, akiwemo Carl Peters, ambaye historia yake hapa kwetu tunaijua. Bodelschwingh mwenyewe alikuwa mtiifu kwa ufalme wa Prussia, na misheni ilikuja chini ya bendera ya mkoloni. Hilo halifutiki.

Wamisionari wakafika Mlalo mwaka 1891, Vuga, makao ya wafalme wa Wasambaa, mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899.

Lutindi yenyewe ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na walioiendesha walikuwa mashemasi wa Nazareth. Miaka ilivyokwenda, watoto wa namna hiyo wakapungua. Wakati huohuo serikali ya Wajerumani ilikuwa na watu waliougua akili ambao iliwaweka jela, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kuwapeleka.

Hapo ndipo mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni zima. Mfumo ukawa uleule wa Bethel: wagonjwa waishi pamoja, kuwe na shamba, kuwe na kazi ya mikono, na awepo mtu wa karibu.

Yote hayakuwa mazuri. Wagonjwa wengine waliletwa na dola bila kuulizwa, mbali na ndugu zao. Lakini kati ya sakafu ya jela na jembe la shambani, tofauti ipo.

Baada yake

Bodelschwingh alifariki Aprili 2, 1910, akiwa na miaka 79. Mwanawe mdogo, aliyeitwa Friedrich kama yeye, akarithi uongozi wa Bethel. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipoanza kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, mtoto huyo alipinga wagonjwa wa Bethel wasichukuliwe.

Huku Usambara, Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, uhuru ukapatikana. Lutindi bado ipo, sasa chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa wanapata dawa za kisasa, na bado kuna chai ya kuchuma na karakana za kufanyia kazi.

Tangu 1904 ni zaidi ya miaka 120, lakini bado kuna nyumba ambazo mgonjwa anafungwa kamba chumba cha nyuma, na kuna vijana wanaokaa kimya na hofu zao wakiogopa kuitwa vichaa. Kama ni wewe, au ni ndugu yako, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze yote bila kuficha. Kama ni jirani yako, usimcheke. Mtembelee.