Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (20 Machi 1870 – 9 Machi 1964) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani. Anajulikana hasa kama kamanda wa jeshi la koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa zaidi ya miaka minne aliongoza jeshi lililozungukwa na maadui na kukatwa njia ya bahari, hivyo lilipaswa kujitengenezea karibu kila kitu: nguo, dawa, mafuta na hasa viatu. Historia ya viatu hivyo, kuanzia ngozi iliyosindikwa kwa magome ya mikoko ya pwani hadi vipande vilivyokatwa kutoka matandiko ya farasi wa adui, inaeleza vita vyake vizuri kuliko orodha ya mapigano.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Saarlouis, magharibi mwa Ujerumani, ambako baba yake, afisa wa jeshi, alikuwa kazini. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wadogo wa Pomerania. Alisoma katika shule za kijeshi za Potsdam na Berlin-Lichterfelde, akawa luteni mwaka 1890.

Miaka 1900–1901 alikuwa China na kikosi cha Ujerumani kilichotumwa kukandamiza uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akatumika chini ya Jenerali Lothar von Trotha, aliyeongoza mauaji ya kimbari ya Waherero. Huko alijeruhiwa na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto. Vita vya porini, umbali mrefu na uhaba wa maji, alivijifunza katika miaka hiyo. Sifa alizopewa baadaye kuwa mpiganaji muungwana husahau mara nyingi alikojifunza.

Mwezi Januari 1914 alifika Dar es Salaam. Katika meli alisafiri pamoja na Karen Blixen, Mdenmark aliyekuwa njiani kwenda Kenya na ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri.

Delta ya Rufiji kabla ya vita

Koloni alilolikuta lilikuwa limetoka katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Mto Rufiji. Chini ya vilima hivyo, mto huo unapoingia Bahari Hindi mkabala na Kisiwa cha Mafia, uko msitu mkubwa wa mikoko, mkubwa kuliko mwingine wowote nchini Tanzania. Sehemu kubwa yake sasa iko katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani.

Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti huko na kuzipeleka Zanzibar, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani waliuweka msitu chini ya idara ya serikali, wakawa na kituo cha misitu huko Salale. Walichotaka hakikuwa boriti tu. Gome la mkoko, la mkandaa na la msinzi lina tanini nyingi, na viwanda vya ngozi vya Ulaya vililinunua.

Ngozi mbichi huoza. Tanini hushikamana na protini za ngozi, hufukuza maji na kuzuia kuoza. Ndiyo kazi ya kudabighi. Kwa magome, kazi hiyo huchukua wiki nyingi au hata miezi, na matokeo yake ni ngozi nzito, ngumu, inayodumu. Gome la mkoko lilikuwa na dosari moja machoni pa Wazungu: huipa ngozi wekundu na ukavu. Kwa hiyo lilichanganywa na magome mengine, au lilitumika kwa soli, ambako rangi haiangaliwi na mtu. Wakati huohuo viwanda vilianza kutumia chumvi za kromi, mbinu iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1884 na kuboreshwa katika miaka ya 1890. Kromi humaliza kazi kwa siku chache na kutoa ngozi nyepesi na laini, na leo ndiyo inayotawala. Wanaolalamika kwamba mikoba ya kifahari ya siku hizi si kama ile ya bibi zao, mara nyingi wanalinganisha ngozi za njia hizo mbili bila kujua.

Vita na kufungwa kwa bahari

Vita vilipoanza Agosti 1914, Lettow-Vorbeck alikuwa na Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya vita. Kamanda alikataa, kwa sababu alitaka kuwafunga Waingereza wengi iwezekanavyo Afrika ili wasipelekwe Ulaya. Ugomvi wa wawili hao haukwisha hadi mwisho. Novemba 1914 alilishinda jeshi la Waingereza na Wahindi lililoshuka Tanga, ingawa lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko lake. Januari 1915 alishinda tena Jasini, lakini alipoteza maafisa na risasi nyingi kiasi kwamba aliacha kutafuta mapigano makubwa.

Baharini alikuwa na meli moja tu ya maana, manowari Königsberg. Baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Mikoko iliificha kwa miezi mingi. Waingereza walileta ndege na hatimaye meli mbili za mizinga zisizohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo iliharibiwa. Mizinga yake kumi iliopolewa matopeni, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za wafanyakazi Waafrika, ikatumika vitani.

Tangu hapo Bahari Hindi ilikuwa ya Waingereza. Meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilifanikiwa kufika, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916.

Viatu

Kabla ya vita viatu vya jeshi vilitoka Ulaya. Mtu anayejua pori la miiba la kaskazini-mashariki mwa Tanzania ataelewa kwa nini kamanda aliliona jambo hili kuwa la haraka. Miiba iliyoanguka chini huingia mguuni, na askari mwenye kidonda mguuni ni mgonjwa wa kubebwa.

Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi kazi ilivyopangwa. Ngozi za ng'ombe na za wanyama wa pori zilikuwepo tele. Tanini ilitoka kwenye mikoko ya pwani. Misheni kadhaa zilikuwa zikitengeneza viatu vizuri tangu wakati wa amani, nazo ziliongeza kazi, huku jeshi likifungua viwanda vyake vya ngozi na karakana. Kwa soli zilitafutwa ngozi za nyati, na kuzipata kulileta mvutano na ofisi za serikali. Viatu vya kwanza kutengenezwa kwa wingi vilitoka Tanga. Umbo lake halikuwa zuri mwanzoni, lakini vilizuia miiba, na hilo ndilo lililotakiwa.

Hivyo gome ambalo Ulaya lililidharau kwa wekundu wake likawa tegemeo. Hakuna aliyeuliza rangi. Watengenezaji walijua pia kwamba ngozi nene iliyodabighiwa haraka hubaki mbichi katikati na kupasuka, ila vita havikuwapa miezi ya kungoja.

Si ufundi wa ngozi peke yake uliofufuliwa. Wanawake walisokota pamba kwa mkono, nguo zilitiwa rangi ya kaki kwa mizizi ya mti, na kwinini ilitengenezwa kwa maganda ya msinkona. Kinachosahaulika katika masimulizi ya werevu huo ni wapagazi. Bila wao jeshi lisingesogea hata siku moja. Viatu vilikuwa vya wanajeshi. Wapagazi walitembea miguu mitupu, na mzigo kichwani. Ngozi ambayo wengi wao waliijua vizuri zaidi katika utawala wa Kijerumani ilikuwa ya kiboko, yaani mjeledi uliokatwa kutoka ngozi ya mnyama huyo na kupewa jina lake.

Njaa ya Rufiji

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alianza mashambulizi makubwa kutoka Kenya. Wabelgiji waliingia kutoka Kongo. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua, na Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916. Mwisho wa mwaka jeshi lake lilikuwa limefika bonde la Rufiji. Vikosi vyake vilipigana vikali na Waingereza huko Kibata, katika vilima vya Umatumbi, na Januari 1917 Waingereza walivuka mto. Katika mapigano ya Beho Beho, tarehe 4 Januari, aliuawa mwindaji maarufu Mwingereza Frederick Selous. Kaburi lake liko huko hadi leo.

Kisha zilikuja mvua kubwa za 1917. Rufiji ulifurika, barabara zikazama, na pande zote mbili zikaona njaa. Kikosi cha Wanigeria waliopigana upande wa Waingereza kiliteseka sana. Jeshi la Kijerumani lilikula mahindi ya wenyeji na kuwinda viboko wa mtoni kwa ajili ya mafuta. Lettow-Vorbeck alipunguza idadi ya watu waliofuatana na jeshi, akiwaondoa wapagazi na wanawake wengi ili chakula kitoshe wapiganaji. Kwa hesabu ya kijeshi uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa wakulima wa Rufiji na Umatumbi, waliokuwa hawajasahau njaa iliyofuata Maji Maji miaka kumi nyuma, majeshi mawili yalikuwa yameondoka na mavuno yao.

Ngozi ya mwisho

Pwani ikishapotea, magome ya mikoko nayo yalipotea. Oktoba 1917 jeshi lilipigana Mahiwa, karibu na Lindi, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita hivyo, na tarehe 25 Novemba lilivuka Mto Ruvuma kuingia Afrika ya Mashariki ya Kireno (Msumbiji).

Katika kipindi hiki ubora wa ngozi ulishuka hadi chini kabisa. Matandiko ya farasi na nyumbu yaliyotekwa yalikatwakatwa kuwa soli na viraka. Ngozi ya matandiko hayo, iliyotengenezwa Ulaya kwa utulivu, ilikuwa bora kuliko chochote ambacho jeshi lingeweza kutengeneza lenyewe wakati huo. Kamanda mwenyewe alijifunza ushonaji wa viatu. Alikiri kwamba kiatu alichokusudia kiwe cha kulia kilitoka kama cha kushoto. Swala aliyeuawa leo angeweza kuwa kiatu baada ya siku chache: msumari ulitumika badala ya msharasi, nguzo ya hema badala ya kalibu, na uzi ulikatwa kutoka ngozi ya paa mdogo. Kiatu cha namna hiyo hakidumu sana, lakini kwa jeshi lililohama daima siku chache zilikuwa na thamani.

Septemba 1918 alirudi kaskazini mwa Ruvuma, akapita Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Alipata habari za kusimamishwa kwa vita karibu na Kasama, na tarehe 25 Novemba 1918 alisalimisha silaha huko Abercorn (leo Mbala) akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi.

Idadi ya waliokufa kwa sababu ya kampeni hii ni kubwa kuliko vifo vya vitani. Wapagazi wapatao 95,000 walifariki upande wa Waingereza peke yake, wengi kwa magonjwa na uchovu. Upande wa Wajerumani hakukuwa na orodha kamili ya wapagazi, na hivyo vifo vyao havikuhesabiwa.

Baada ya vita

Machi 1919 alipokelewa Berlin kama shujaa, akapita na watu wake katika Lango la Brandenburg. Mwaka huo alimwoa Martha Wallroth. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali, akaondolewa jeshini. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka huohuo na kusomwa sana. Alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina kuanzia 1928 hadi 1930. Wanawe wawili wa kuzaa waliuawa katika Vita Kuu ya Pili, na nyumba yake ikaharibiwa na mabomu. Katika ufukara wa miaka iliyofuata alisaidiwa kwa vifurushi vya chakula na maadui wake wa zamani, akiwemo Smuts. Mwaka 1953 alitembelea tena Dar es Salaam, ambako askari wazee walimpokea.

Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akazikwa Pronstorf. Mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Kambi za jeshi na barabara kadhaa nchini Ujerumani zilizoitwa kwa jina lake zimebadilishwa majina. Jina lake limebaki pia katika dinosau Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi.

Huko Rufiji, Waingereza waliendelea kuuza magome ya mikoko chini ya utawala wao. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko mwaka 1987, na tangu 2004 delta ni sehemu ya ardhioevu ya Ramsar ya Rufiji-Mafia-Kilwa.