Padri Sebastian Kneipp: Paroko Aliyewafundisha Waliochoka Kupanga Upya Maisha

Katika parokia zetu wapo ndugu wanaobeba msalaba usioonekana kwa macho, nao ni uchovu usiokwisha. Hulala usiku kucha na kuamka wakiwa wamechoka. Wengine wameacha kwaya, wengine hawafiki tena kwenye jumuiya ndogo ndogo, na wapo waliopoteza hata kazi iliyowapatia riziki. Mara nyingi huitwa wavivu, au huambiwa kwamba wamerogwa. Baadhi yao huishia mikononi mwa watu wanaouza chupa za maji na mafuta kwa ahadi ya muujiza. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tunaoishi nao, ni vema kuyatafakari maisha ya Padri Sebastian Kneipp wa Jimbo la Augsburg nchini Ujerumani. Padri huyu aliwasaidia wagonjwa wengi kwa maji, lakini hakuyafanya maji hayo kuwa hirizi wala bidhaa ya miujiza.

Jimbo la Augsburg si geni kwa Kanisa la Tanzania. Ndimo ilimo abasia ya Mtakatifu Ottilien, chimbuko la Wamisionari Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888 na kuanzisha Peramiho mwaka 1898.

Mtoto wa mfumaji

Sebastian Kneipp alizaliwa tarehe 17 Mei 1821 katika kijiji cha Stephansried, karibu na Ottobeuren, katika mkoa wa Bavaria. Baba yake alikuwa mfumaji maskini, na tangu utotoni Sebastian naye aliketi kwenye kitanda cha mfumi katika chumba chenye unyevu, akifuma kitambaa ili familia ipate mkate. Moyoni alikuwa na shauku moja tu, yaani kuwa padri. Lakini masomo yalihitaji fedha, na fedha haikuwapo.

Kijana huyo alijiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata akafikisha gulden 70. Alipokaribia kutimiza umri wa miaka 21, nyumba ya wazazi wake iliteketea kwa moto, na akiba yote ikateketea pamoja nayo. Mwingine angeona kwamba Mungu mwenyewe amefunga mlango. Sebastian aliondoka nyumbani kwenda kutafuta msaada, na huko Grönenbach alimpata Padri Matthias Merkle, aliyekubali kumfundisha Kilatini. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 23, aliingia shule ya sekondari mjini Dillingen na kuketi darasani pamoja na vijana wadogo kwake kwa miaka mingi.

Miaka ya udhaifu

Haukupita muda mrefu kabla mwili wake haujaanza kumwangusha. Alidhoofika, akakohoa damu, akawa hana nguvu hata ya kuzingatia masomo. Inaaminika kwamba ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ambao katika zama zile haukuwa na dawa. Madaktari walimtembelea mara nyingi bila mafanikio. Ndoto ya upadri, iliyokwisha kunusurika umaskini na moto, sasa ilielekea kuzimwa na uchovu wa mwili.

Wakati huo ndipo alipokutana na kitabu kidogo cha karne ya 18, kilichoandikwa na daktari Johann Siegmund Hahn kuhusu manufaa ya maji baridi. Mwishoni mwa mwaka 1849, katika majira ya baridi, Kneipp alianza kwenda kwenye mto Danube mara kadhaa kwa juma. Alikwenda kwa kukimbia mpaka mwili upate joto, akajitosa majini kwa muda mfupi sana, akavaa nguo, kisha akarudi kwa haraka ili asipoteze joto. Taratibu nguvu zilimrudia. Mwaka 1850 alijiunga na seminari ya Georgianum mjini Munich, na tarehe 6 Agosti 1852 akapewa Daraja Takatifu ya Upadri mjini Augsburg.

Hapa inatupasa kusema jambo moja kwa uwazi. Kupona kwa Kneipp ni tukio la maisha yake binafsi, wala si uthibitisho kwamba maji baridi huponya kifua kikuu. Leo ugonjwa huo una dawa zake hospitalini, na mwenye kikohozi cha muda mrefu, homa za usiku na kupungua uzito anapaswa kwenda kupimwa bila kukawia.

Muungamishi wa Wörishofen

Baada ya kuhudumu kama paroko msaidizi katika parokia kadhaa, mwaka 1855 Padri Kneipp alitumwa Wörishofen kuwa muungamishi wa masista Wadominiko. Huko aliishi maisha ya kawaida ya padri wa kijijini. Aliadhimisha Misa, akaungamisha, akafundisha watoto, akawaonyesha masista namna bora ya kulima, kufuga ng'ombe na kutunza nyuki. Mwaka 1881 alifanywa kuwa paroko wa mahali hapo.

Wagonjwa nao walianza kumfuata. Aliwahudumia kwanza katika nyumba ya kufulia nguo ya monasteri, akitumia kopo la kumwagilia bustani, beseni na kitambaa. Maskini hawakudaiwa malipo. Jambo hilo liliwaudhi baadhi ya madaktari na wauza dawa, na zaidi ya mara moja alishtakiwa mbele ya mamlaka kwamba alikuwa akitibu watu bila ruhusa. Yeye aliendelea na utume wake, huku akijifunza kutokana na makosa yake mwenyewe. Katika ujana wake alitumia maji mengi na ya baridi kali. Kadiri miaka ilivyopita alitambua kwamba mwili dhaifu hauhitaji kushtuliwa, akaichagua njia ya upole zaidi: maji kidogo, kwa muda mfupi, kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1886 alichapisha kitabu chake kuhusu tiba ya maji, na mwaka 1889 kingine kuhusu namna ya kuishi. Vilitafsiriwa katika lugha nyingi, na kijiji cha Wörishofen kikajaa wageni wa kila tabaka, kuanzia wakulima hadi wana wa wafalme. Wengi wao walikuwa na hali ambayo madaktari wa zama hizo waliita udhaifu wa neva: walichoka daima, hawakulala vizuri, na miji yao yenye viwanda na makelele haikuwapa nafasi ya kupumua.

Nguzo tano za maisha

Wafuasi wa Padri Kneipp wameyapanga mafundisho yake katika nguzo tano. Nguzo ya kwanza ni maji: kumwagiwa maji magotini au mikononi, kuloweka miguu, kutembea peku juu ya majani yenye umande. Ya pili ni mimea ya dawa, iliyotumiwa kama chai au kuwekwa katika maji ya kuoga. Ya tatu ni mwendo, yaani kutembea na kufanya kazi ya mikono kwa kadiri ya nguvu za mtu. Ya nne ni chakula cha kawaida, kisicho cha anasa. Yeye mwenyewe alihimiza nafaka, mboga, na kahawa iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri.

Nguzo ya tano ndiyo iliyobeba nyingine zote, nayo ni mpangilio wa maisha. Akiwa muungamishi, Padri Kneipp aliona mara nyingi kwamba mtu aliyekuja kulalamikia tumbo au usingizi alikuwa pia na deni la ugomvi, huzuni isiyosemwa, au maisha yasiyo na ratiba. Maji peke yake hayakumfaa mtu wa namna hiyo. Alihitaji saa ya kulala na saa ya kuamka, kazi yenye mipaka, sala, upatanisho na siku ya Bwana inayoheshimiwa kwa mapumziko ya kweli. Mwili na roho, kwake, havikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta.

Tusimwelewe vibaya. Hakusema kwamba kila mchovu ana dhambi iliyofichika, wala kwamba ugonjwa wa mwili ni mawazo tu. Alitaka mgonjwa atazamwe mzima. Tena hakuwapuuza madaktari. Katika miaka yake ya mwisho madaktari walifanya kazi pamoja naye Wörishofen, na mwaka 1894 wale waliotumia njia zake waliunda umoja wao.

Utukufu na kifo

Mwaka 1893 Baba Mtakatifu Leo XIII alimpa hadhi ya Monsinyori, na mwaka uliofuata alimpokea mjini Roma. Fedha zilizotokana na vitabu na wageni hazikumtajirisha. Alijenga Sebastianeum kwa ajili ya mapadri wagonjwa, nyumba ya watoto, na Kneippianum, na kuzikabidhi kazi hizo kwa mashirika ya kitawa.

Mwaka 1897 alipatwa na uvimbe tumboni. Hakukubali kufanyiwa upasuaji, na tarehe 17 Juni mwaka huo alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 76. Maji yaliyowafariji wengi hayakuuondoa uvimbe huo. Mwisho wake unatukumbusha kwamba kila tiba ina mpaka wake, na kwamba hata mtu mwema aliyewasaidia maelfu hubaki kiumbe anayehitaji huruma ya Mungu.

Somo kwa parokia zetu

Kwanza, anayechoka muda mrefu aende hospitali. Upungufu wa damu, kisukari, magonjwa ya tezi ya shingo, kifua kikuu na sonona vyote huweza kujitokeza kwa sura ya uchovu, na vyote vina tiba yake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka.

Pili, wapo wanaopimwa na kuambiwa kwamba ugonjwa wao ni uchovu sugu wenyewe. Hao tusiwalazimishe kujikaza. Wengi wao huzidiwa siku moja au mbili baada ya kazi ndogo tu, na mwendo unaomfaa mwingine waweza kuwaangusha kitandani. Wajipimie nguvu zao, wapumzike kabla ya kuishiwa, nasi tuwapelekee Ekaristi Takatifu na chakula nyumbani bila kuwanung'unikia.

Tatu, mambo ya Kneipp yanayofaa kujaribiwa ni yale mepesi: usingizi wenye saa maalumu, chakula cha kawaida, utulivu, kupumua taratibu wakati wa sala, miguu katika beseni la maji. Tafiti kuhusu tiba hii si nyingi, kwa hiyo tuyapokee kama msaada wa kuleta nafuu, si badala ya dawa. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asijitie katika maji baridi kabla ya kumwuliza daktari, na anayetumia dawa za hospitali asichanganye na mitishamba kimyakimya.

Nne, anayeuza maji kwa ahadi ya muujiza hafanani na paroko wa Wörishofen. Yeye alitumia maji ya kisima, akaeleza wazi sababu zake, na hakumfukuza maskini.

Nabii Elia alipochoka hata akaomba kufa, alilala chini ya mretemu. Malaika wa Bwana hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Ndivyo Mungu anavyowatendea waliochoka. Juma hili, kila jumuiya ndogo ndogo imtafute mmoja wao, imtembelee kwa muda mfupi, na imwulize anahitaji nini.

Tumsifu Yesu Kristo.