Cholly Atkins: Fundi wa hatua ambaye jina lake halikuandikwa

Ukizitazama kanda za zamani za The Temptations, wanaume watano wa Kimarekani ndani ya suti za sare, utaona kitu kimoja. Wanageuka pamoja, wanarudi pamoja, na mkono wa mmoja hautangulii wa mwenziwe. Wengi wetu tuliokulia miji hii ya Pwani tumezisikia nyimbo zao. Lakini ni wangapi wanaomjua aliyewafundisha kusimama vile?

Jina lake alikuwa Cholly Atkins. Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Alabama, akalelewa Buffalo, New York. Alianza ujanani kuimba na kucheza, na kazi aliyoishika sawasawa ni ile dansi ya viatu vyenye vyuma, mguu unapogonga sakafu ukawa ni ngoma. Dansi hiyo ilizaliwa Marekani kwa kukutana hatua za Waafrika waliopelekwa utumwani na za wahamiaji kutoka Ulaya, hasa Ireland.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili alishirikiana na Honi Coles. Sifa yao haikuwa mbio. Wao walicheza polepole, na ajuaye ngoma anajua kwamba polepole ndiko kugumu, kwa sababu kosa halina pa kujificha.

Mwaka 1949 wakaingia katika mchezo mkubwa wa jukwaani New York, Gentlemen Prefer Blondes. Coles alisimulia baadaye kwamba mtunzi mkuu wa dansi, Agnes de Mille, hakujua awatumie vipi, basi wakaambiwa wajitungie wenyewe. Wakatunga, naye akaikubali kazi yao. Kijitabu cha mchezo kilipotoka, dansi zote zilikuwa kwa jina la de Mille. Kisha walipotaka kuicheza dansi ile kwengine, iliwabidi waombe ruhusa kwake. Msomaji wangu, hebu fikiria kuomba ruhusa ya kutumia jasho lako mwenyewe.

Miaka ya 1950 dansi ya viatu ikapoteza soko, na wachezaji hodari wakakosa kazi. Atkins hakukaa kulilia zama zilizopita. Aliona makundi ya vijana waimbaji yakichipuka, wana sauti nzuri lakini wakifika jukwaani hawajui mikono waiweke wapi. Akaanza kuwafundisha, wakiwemo The Cadillacs, na baadaye Gladys Knight na wenzake The Pips.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Motown ya Detroit ikamwajiri awe mwalimu wa wasanii wake. Huko alifanya kazi pamoja na Maurice King upande wa muziki, na Maxine Powell aliyefundisha adabu na mwenendo. The Supremes, The Temptations, The Four Tops na The Miracles wote walipita mikononi mwake.

Ufundi wake ulikuwa na hesabu. Mwimbaji si mchezaji dansi tu; anahitaji pumzi ya kuimba. Basi Atkins aliyapima maneno ya wimbo, akajua ni wapi mwitikiaji ana nafasi ya kugeuka, na ni wapi lazima awe amesharudi kwenye maikrofoni. Hatua hazikuigiza kila neno. Zilikwenda na mpigo wake, na mara nyengine zikaziba pengo ambalo sauti imeliacha. Ndiyo maana The Pips, ambao kazi yao ni kuitikia, watu waliwatazama kama wanavyomtazama Gladys.

Motown ilipohamia Los Angeles mwaka 1972, Atkins aliendelea kufundisha, wakiwemo The O'Jays, naye akaishi Las Vegas. Mwaka 1989, akiwa na miaka zaidi ya 70, alipata tuzo ya Tony yeye na wenzake watatu kwa dansi za mchezo wa Black and Blue. Safari hii jina lake liliandikwa. Alifariki Aprili 2003, miaka miwili baada ya kutoka kitabu cha maisha yake.

Najua wapo watakaoniuliza, mambo ya dansi yatatufaa nini? Jawabu langu ni kwamba kazi ya mtu ni haki yake. Jalada la santuri liliandika mwimbaji na mtunzi wa wimbo. Mwalimu wa hatua hakuwemo. Na sisi je? Lelemama, chakacha na goma vina walimu wao. Tunao kina bibi waliopanga mistari ya lelemama na wazee waliofundisha vijana kushika bakora. Tunazo kanda za harusi zenye jina la mpiga picha na la mwimbaji, lakini la bibi yule hatulioni. Walio hai tuwaulize leo, na tuwaandike kwa majina yao kamili.