Sheikh Al-Amin Mazrui: Alituandikia kwa Lugha Yetu

Wewe kijana wa Kinango, usiku huu baada ya tarawehe, jiulize: vitabu vya dini unavyosoma kwa Kiswahili, njia yake ilifunguliwa na nani?

Mmoja wao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Wakati ule elimu ilikuwa kwenye vitabu vya Kiarabu, na wengi hawakufahamu. Yeye hakuridhika. Mwaka 1930 akatoa gazeti dogo, Sahifa, na 1932 Al-Islah. Humo alizungumzia maisha ya kila siku: ibada, malezi, kusomesha wasichana, israfu. Makala za Sahifa zikawa kitabu, Uwongozi. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na 1947 akafariki.

Basi ndugu yangu, Ramadhani hii soma japo ukurasa mmoja kila siku, na umsomee mamako. Usiseme hujui Kiarabu. Udhuru huo Sheikh keshatuondolea. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.